Dhambi ya Siri, Dhambi ya Wazi na Kamera ya Simu

Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, Martin Luther, anapoifafanua Amri ya Nane, anatofautisha dhambi iliyofichika na dhambi iliyo wazi. Ya kwanza yapasa kuonywa faraghani, kwa utaratibu wa Mathayo 18:15. Ya pili yaweza kukemewa mbele ya watu. Swali letu ni hili: je, uzinzi wa siri ulionaswa kwa simu na kusambazwa katika mitandao ya kijamii umekwisha kuwa dhambi ya wazi?

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana sana. Tarehe 16 Julai 2025, katika onyesho la kundi la Coldplay huko Foxborough, Marekani, kamera ya uwanjani iliwaonyesha katika skrini kubwa mwanamume na mwanamke waliokumbatiana. Walipojiona, mmoja aliufunika uso, mwingine akainama. Mwimbaji akatania kwamba huenda wana uhusiano wa siri. Jambo hilo lingaliweza kuishia pale, lakini mtazamaji mmoja alilirekodi kwa simu akaliweka TikTok, na kwa siku chache likatazamwa mara mamilioni. Wote wawili walikuwa viongozi wa kampuni moja, nao walijiuzulu mwezi huohuo. Hukumu ya umati ilitangulia uchunguzi wowote, na mke wa mwanamume yule, asiyetenda lolote, alifuatwa hata katika ukurasa wake wa Facebook.

Kwa Luther, kujua dhambi na kuihukumu ni mambo mawili. Naweza kuijua dhambi ya jirani yangu bila kupewa amri ya kuihukumu. Madaraka hayo ni ya hakimu, ya wazazi na ya wahubiri. Ajitwaliaye madaraka hayo anamfananisha na nguruwe achimbuaye uchafu kwa pua yake (lugha ya Luther haikuwa laini kamwe). Ni kweli kwamba aielezea dhambi ya wazi kuwa ile ijulikanayo na hakimu na watu wote, na hapo msambazaji wa video aweza kudhani amepata kibali. Lakini Luther aongeza kwamba mtenda wa dhambi hiyo amejiaibisha mwenyewe. Huyu wa kwenye simu ameaibishwa na mwingine, asiye na wito wowote juu yake.

Hatusemi kwamba mchungaji ajifanye hakuona. Ndoa imevunjiwa uaminifu, na toba ni lazima. Lakini Baraza la Wazee likiletewa video, na liulize pia nani aliirekodi na nani aliipeleka, kwa kuwa huyo naye ana kesi yake chini ya Amri ya Nane. Tena liangalie ni nani asiyeletwa: katika Yohana 8 mwanamke alisimamishwa katikati, mwanamume hatusikii habari zake. Kabla ya kikao, mchungaji aende kwanza nyumbani kwa yule aliyesalitiwa. Na mzee aliyeihifadhi video ile katika simu yake aifute kabla hajaketi kutoa shauri.