MTU MZIMA NA MATOFALI YA KUCHEZEA



Katika kigazeti hiki tumekwisha kusoma juu ya malaria, juu ya ufugaji wa sungura, na juu ya matayarisho ya Examen d'Etat. Leo tunaleta neno ambalo wamoja watalicheka. Ni habari ya watu wazima, wenye bibi na watoto, wenye kazi na mshahara, wanaokaa mezani jioni na kujenga manyumba madogo kwa matofali ya plastiki. Muwe na uvumilivu kidogo. Tukifika mwisho mutaona kama neno hili linatuhusu na sisi, zaidi sisi wafinaliste.

1. MATOFALI GANI?

Ni yale yanayoitwa LEGO. Yalitoka Denmark, inchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya, mahali panapoitwa Billund. Pale kulikuwa seremala mmoja, Ole Kirk Christiansen. Katika mwaka wa 1932 shida ya feza ilikuwa kubwa dunia nzima, watu hawakujenga tena manyumba, na seremala akakosa kazi. Akaanza kutengeneza vitu vidogo vya mbao, na kati ya vile, vitu vya watoto vya kuchezea. Jina LEGO alilitoa katika maneno mawili ya lugha yao, leg godt, maana yake: cheza vizuri.

Kisha Vita ya Pili ya Dunia alinunua mashini ya kusukuma plastiki ya moto ndani ya chuma chenye sura ya kitu kinachotakiwa, sawa vile sisi tunavyotia udongo ndani ya kisanduku cha kufyatulia matofali. Katika mwaka wa 1949 matofali yake ya kwanza ya plastiki yakatoka. Wazo halikuwa lake peke yake: kule Uingereza, Hilary Page alikuwa amekwisha kutengeneza matofali ya namna hiyo.

Lakini yale ya 1949 yalikuwa na kasoro. Juu yalikuwa na vichwa vidogo vya mviringo, na chini yalikuwa matupu. Yalipandana, lakini hayakushikana vizuri. Ukisukuma kidogo, nyumba yote chini! Godtfred, mwana wa seremala, njo aliandikisha dawa ya kasoro hiyo tarehe 28 Januari 1958. Dawa yenyewe ni hii: tuyo ndogo zilizowekwa ndani ya tofali, upande wa chini. Vichwa vya tofali la chini vinaingia kati ya tuyo na ukuta wa tofali la juu, vinabanwa pande zote, na kazi imekwisha. Tofali la mwaka ule wa 1958 lingali linashikana na tofali lililotengenezwa leo.

2. SIRI YAKE: KUSHIKA NA KUACHILIA

Hapa tunapashwa kusimama kidogo, sababu watu wengi wanafikiri uzuri wa matofali haya ni rangi zake. Hapana. Sementi inashika, lakini haiachilii. Mchanga unaachilia, lakini haushiki. Tofali hili linashika kwa nguvu inayotosha kusimamisha mnara mrefu kuliko mtoto, na mkono wa mtoto unaweza kulitoa tena bila kulivunja. Hakuna kole, hakuna msumari.

Kwa kupata jambo hilo, vipimo vinapashwa kuwa vya kweli kabisa. Wanaotengeneza vyuma vile wanachunga makosa yasifike hata sehemu moja katika mia ya milimeta. Likiwa nene kidogo, tofali halitoki. Likiwa jembamba kidogo, linaanguka.

Ninyi mnaopenda hesabu, mushike kalamu. Toka katikati ya kichwa kimoja mpaka katikati ya kingine ni milimeta 8. Tofali lenyewe, pasipo vichwa, linakwenda juu milimeta 9,6. Kuko tena vibao vyembamba vya milimeta 3,2. Basi vibao 3 vinakuwa sawasawa na tofali 1. Halafu muangalie: matofali 5 yaliyopandana ni 5 × 9,6 = 48. Na vichwa 6 kwa mstari ni 6 × 8 = 48. Kumbe mtu anaweza kulaza ukuta kwa ubavu, na utaingia pale pale bila kuacha nafasi! Wajenzi wakubwa wanatumia hesabu hiyo kila siku kwa kutengeneza madirisha, sura za watu na mabawa ya ndege.

Hesabu ingine. Ukiwa na matofali mawili ya vichwa 8, ya rangi moja, unaweza kuyaunganisha kwa namna 24. Ukiwa na matatu, namna 1 060. Ukiwa na sita, je? Kwa miaka mingi kompani ilisema 102 981 500. Mwalimu mmoja wa hesabu wa Universite ya Copenhagen, Søren Eilers, akaona kama hesabu hiyo haitoshi, sababu walihesabu tu minara inayopanda tofali moja juu ya lingine mpaka sita. Akahesabu upya kwa ordinateri, akapata 915 103 765. Matofali sita tu, yanayoenea katika kiganja! Na aliyeona kosa alikuwa mtu mzima, profesa, akifikiri juu ya kitu cha watoto.

3. WATU WAZIMA WANAFANYA NINI NAYO?

Wale wapenzi wanaitana kwa kifupi AFOL, yaani watu wazima wapenda LEGO. Wanakutana mara kwa mara katika miji ya Ulaya, Marekani na kwingine, kila mtu na kazi yake mezani. Tumeona namna tatu za kujenga.

Ya kwanza ni kufuata kitabu. Ndani ya sanduku kuko kitabu cha picha, hakina maneno; Mdenmark na Mkongomani wanakisoma sawasawa. Toka mwaka wa 2020 kompani inaandika juu ya masanduku mengine 18+, maana yake ni ya watu wa miaka 18 na zaidi. (Sisi tunaoandika tumetimiza umri ule mwaka huu.) Mnara wa Eiffel uliotoka mwaka wa 2022 una vipande 10 001 na unapita meta moja na nusu kasoro sentimeta moja. Kazi ya namna hiyo si ya jioni moja.

Ya pili ni kujenga yako mwenyewe, bila kitabu. Hapa njo ufundi unaonekana. Mtu anaanza kwa kupanga vipande vyake. Mwanafunzi wa kwanza anapanga kwa rangi, na anapotea. Sababu ndani ya lundo jekundu, kutafuta kipande kimoja chekundu ni taabu. Fundi anapanga kwa sura, na jicho linaona rangi upesi. Halafu anajenga kama fundi wetu wa matofali ya kuchoma: kila tofali linapanda juu ya kiungo cha matofali mawili ya chini. Ukipandisha viungo vyote kwa mstari mmoja, ukuta utafunguka sawa mlango. Sheria ni moja, kwa plastiki na kwa udongo.

Ya tatu ni kuifanya kazi ya sanaa. Nathan Sawaya alikuwa avoka kule New York. Katika mwaka wa 2004 aliacha uavoka, akawa mjenzi wa masanamu ya matofali, na maonyesho yake yamezunguka inchi nyingi. Katika Canada kuko Ekow Nimako, mtu mwenye asili ya Ghana, anayejenga kwa matofali meusi peke yake. Katika mwaka wa 2019 alionyesha kule Toronto mji mzima, Kumbi Saleh, namna anavyouona katika mwaka wa 3020. Mliosoma historia munajua kama Kumbi Saleh ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa zamani wa Ghana. Basi mtu huyu alichukua kitu cha Denmark, akasema nacho neno la Afrika.

4. KIPINDI CHA GIZA

Wapenzi hawa wana msemo ambao ulitugusa sana. Wanasema karibu kila mmoja wao alipita katika kipindi cha giza. Ni ile miaka ambapo mtoto mkubwa anaona haya, anafunga matofali yake ndani ya kartoni, anayasahau. Wengine wanakaa gizani miaka kumi, wengine makumi mawili. Halafu siku moja wananunulia mtoto wao sanduku, wanakaa chini kumsaidia, na mtoto anakwenda kulala; baba anabaki pale chini anajenga.

Wenzetu, na sisi tuna kipindi cha giza. Sisi wengi hatukukua na LEGO, ile ni kweli. Lakini nani kati yetu hakutengeneza gari ya waya, yenye gurudumu za kandambili na usukani mrefu? Nani hakufinyanga ng'ombe wa udongo? Wamoja wetu walitengeneza kamio zenye taa na resoli. Leo muwaulize: watakana. Mtu akifika madarasa ya juu, anaogopa kuonekana na waya mkononi. Meza za kazi za mikono zimebaki za wadogo peke yao, na wakubwa wanapita wakicheka. Tunafikiri ukubwa ni kuacha. Kumbe tulikuwa mafundi, tukajifanya wasiojua.

Na hasara ni gani? Muangalie darasani. Mwalimu anauliza, hesabu iko ubaoni, na watu arobaini wananyamaza. Si wote hawajui. Wengi wanaogopa kukosa mbele ya wengine. Sisi wafinaliste njo zaidi: kila kosa tunaliona kama limekwisha kuandikwa katika Examen d'Etat. Mtu anayejenga kwa matofali anakosa mara makumi kwa jioni moja. Paa haienei, anatoa. Mlango haufunguki, anatoa tena. Tofali linaachilia, halimchekei, halimpunguzii pointi. Anajifunza kama kosa ni kitu cha kufungua na kujenga upya. Njo raha ambayo watu wazima wanaifuata pale mezani, kisha siku nzima ya kazi ambapo kosa linaleta hasara ya kweli.

5. WANAOPINGA

Wamoja watasema: Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 13, anasema juu ya kuacha mambo ya kitoto. Ni kweli, na hatubishani na Maandiko. Lakini musome sura yote: inasema juu ya upendo. Utoto ambao unapashwa kuachwa ni kugombana, kujivuna na kutaka vyote viwe vyangu. Seremala wa Billund alikuwa mtu mzima alipotengeneza vitu vya kuchezea, na vilimlishia watoto.

Wengine watasema: ni kutupa feza bure. Hapa tunawapa haki nusu. Sanduku kubwa linakula feza nyingi, hata kwa watu wa Ulaya. Kuko wapenzi walioshikwa na ugonjwa wa kununua; masanduku yanajaa chumba, hayafunguliwi. Mtu wa namna ile hajengi, anaweka akiba ya kartoni. Tena matofali haya ni plastiki ngumu, isiyooza upesi. Kuyanunua bila kuyatumia ni kosa. Uzuri wake ni kwamba mtoto wa mtoto wako ataweza kuyatumia.

6. NA SISI TUSIO NAYO?

Mutatuuliza: Kapita, tutapata wapi vipande 10 001? Hatutavipata. Lakini muangalie mtu wetu, Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka wa 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akaenda Kinshasa mwaka wa 1970. Alifundisha shule, halafu akafanya kazi ya kutengeneza upya vitu vya zamani katika muze ya taifa. Akaanza kujenga miji midogo kwa kartoni, karatasi, plastiki, vifuniko vya chupa na masanduku ya vitu vilivyokwisha kununuliwa. Hakuwa na LEGO. Alikuwa na makasi, kole na macho. Katika mwaka wa 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris. Mji wake unaoitwa Ville Fantôme, wa mwaka wa 1996, una urefu wa karibu meta 6. Alikufa mwaka wa 2015, na katika mwaka wa 2018 muze kubwa ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, iliweka maonyesho makubwa ya miji yake. Tunafikiri na yeye kuna waliomwambia: Mzee, acha michezo ya watoto.

Kartoni haiachilii sawa tofali, ile ni kweli: ukikata vibaya, umekata. Njo maana tunawashauri muanze na waya, unaokunjwa na kukunjuliwa, ao na udongo mbichi, unaofinyangwa tena. Na kwa wenye kupata ordinateri, kuko programu za bure, kama LDraw iliyoanza mwaka wa 1995, ambazo zinakuwezesha kujenga kwa matofali ya picha, yasiyokwisha na yasiyolipiwa.

Basi ombi letu kwa walimu waheshimiwa ni moja: siku ya Posho, kisha chakula cha saa sita, meza mbili za kazi za mikono zifunguliwe kwa madarasa ya juu pia, pamoja na wadogo. Hatuombi feza. Tutaleta waya na kartoni sisi wenyewe, na tutafagia.

Na kwa wakubwa wenzetu: tukipita karibu na mdogo anayetengeneza gari ya waya, tusicheke. Tumuulize namna gani alifunga usukani. Labda tumekwisha kuisahau.

Kapita wa wanafunzi, kwa niaba ya wafinaliste