Hata Mzazi Mzoefu Asiharakishwe

Masika yakishika huku Ipinda na mto Mbaka ukaanza kufurika, kina mama wenye watoto wanne, watano, huniuliza: "Nesi, si unianzishie tu uchungu kabla barabara haijakatika? Mimi njia imeshafunguka."

Kufunguka imefunguka. Aliyewahi kuzaa, akianzishiwa uchungu, kwa kawaida hujifungua upesi kuliko mwenye mimba ya kwanza. Wepesi huohuo ndio unaonitia hofu mimi mkunga. Kizazi kilichozaa mara tano na zaidi huweza kuitikia dawa kwa nguvu kupita kiasi. Uchungu ukizidi mara tano ndani ya dakika 10, kizazi hakipati nafasi ya kulegea, na mtoto huanza kukosa hewa. Kikizidi kubana, kinaweza kupasuka. Hata mtoto akishatoka salama, kinaweza kuchoka kisijikaze, damu ikamwagika. Hayo si ya kila siku, lakini yakitokea hayasubiri gari.

Tazama kidonge cha misoprosto, mojawapo ya dawa za kuanzishia uchungu. Vingi tunavyoviona vina mikrogramu 200. Kipimo cha kuanzishia uchungu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 25 kwa mdomo kila baada ya saa 2, yaani sehemu moja ya nane. Ukikikata kwa wembe kinasagika, vipande havilingani. Ndiyo maana huyeyushwa kwenye mililita 200 za maji, mama akapewa mililita 25. Sasa yupo anayemeza kizima nyumbani, au akanywa mizizi isiyojulikana kipimo, kisha akaja wodini akanyamaza, naye anatundikiwa dripu ya uchungu. Na mwenye kovu la oparesheni ya uzazi, misoprosto ya kuanzishia uchungu haimfai kabisa.

Sisemi watu wasianzishiwe. Kwa presha ya mimba, chupa kupasuka bila uchungu, au mimba kupita wiki 41, kuanzishiwa huokoa. Ila kufanyike penye chumba cha upasuaji na mhudumu wa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto.

Kama hofu ni barabara, hamia mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Dharura ikikukuta nyumbani, pigeni 115, namba ya bure ya usafiri wa M-mama. Ukifika, taja mimba zako zote, kovu lako, na kila ulichokunywa, hata kama mama mkwe amekukanya usiseme.