Kisu cha mkono wa kushoto

Wiki hii naomba niwaache kidogo viwavijeshi na bei ya mbolea, nizungumzie kisu. Kila nikija kwenye vitalu vyenu mnaniuliza mbona kisu changu cha kubebeshea miembe hakifanani na vya dukani, na mbona siazimishi. Leo najibu.

Mkono wangu wa kulia uliungua kwa uji wa moto nikiwa na miaka 6. Ulipona, lakini vidole vitatu vilikunjika kuelekea kiganjani na havijanyooka hadi leo. Jembe, kalamu, pikipiki, vyote nilivijulia njia yake. Kilichonisumbua ni kisu. Chuoni, nilipokuwa nasomea diploma, vitendo vya kubebesha vilinitoa jasho. Kila nikikata kijiti kwa mkono wa kushoto, kisu kinapanda juu chenyewe na mkato unatoka umepinda kama ndizi. Nikaambiwa nina haraka. Haikuwa haraka, ni kisu.

Kichunguze kisu cha kubebeshea. Upande mmoja ni bapa kabisa, upande wa pili umechongwa mteremko. Ule ubapa ndio unaotakiwa kulala kwenye kijiti ili mkato utoke umenyooka. Vingi vinavyouzwa vimechongwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Ukikishika kwa kushoto, mteremko ndio unaolala kwenye kijiti, na kisu kinakusukuma nje. Hakuna mazoezi yatakayokusaidia hapo.

Bahati yangu nilishazoea kuchezea visu tangu darasa la tano, kwa babu mzaa mama kule Nkansi. Babu alikuwa mhunzi. Wafipa wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma kwenye malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha kama mita 3, yasiyohitaji mivukuto maana yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Kilichotoka humo kilirudiwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, hapo sasa kwa mivukuto, ndipo kikapatikana chuma cha jembe, shoka na kisu. Majembe ya kuletwa kwa meli yakaiua kazi ile. Babu aliyakuta magofu tu. Yeye alifua springi za Land Rover. Siku ya kwanza alinipa nyundo, ikanichomoka mkononi, nusura imvunje ugoko. Hakunifukuza. Alinipa tupa na kipande cha springi, akasema, "Mjukuu wangu, wewe utakula polepole."

Basi mpaka leo nakula polepole. Sifui, nachonga. Springi zilizokatika nazipata kwa mafundi wa malori, na barabara za huku si unazijua, hazikosekani. Ila springi ni ngumu, tupa inateleza juu yake. Naipasha moto mpaka iwe nyekundu, naifukia kwenye majivu makavu usiku kucha ipoe taratibu, asubuhi inakubali. Tupa iliyochakaa nayo inafaa sana kwa kisu cha kubebeshea, kwa kuwa ina kaboni nyingi kuliko springi.

Jiliwa nimelifunga kwa bolti juu ya gogo la mninga, usawa wa kiwiko. Mkono wa kushoto unashika mpini wa tupa, wa kulia unakandamiza ncha kwa kiganja, vidole havina kazi. Anayesukuma ni kiuno na miguu. Saa moja kila jioni, kisu kimoja wiki tatu.

Kikishapata umbo nakipasha mpaka sumaku ikatae kukishika, kama nyuzi joto 770, naongeza moto kidogo tu, halafu nakitumbukiza kwenye mawese ya uvuguvugu. Oili chafu ya injini iache, moshi wake ni sumu. Maji nayo yaache, bapa jembamba linapasuka; nimepoteza visu vinne namna hiyo, aisee inauma. Kikitoka kwenye mafuta ni kigumu ila kinavunjika kama kioo. Nakisugua king'ae, nakipasha tena taratibu kutokea mgongoni mpaka makali yapate rangi ya bua kavu la mpunga, kama nyuzi 220. Ukiona buluu kwenye makali umechelewa, kimelainika, rudi mwanzo.

Sasa kwa nini nawachosha na haya? Msimu uliopita kikundi kimoja cha vijana hapa kwenye kata kilibebesha miche 80 ya maembe, ikashika 11. Walilaumu vikonyo. Nikaomba kisu chao, kilikuwa cha jikoni, kimenolewa kwenye ukingo wa saruji. Kisu butu hakikati, kinasaga. Ile ngozi laini ya kijani chini ya gome, ambayo ndiyo inayounganisha kikonyo na mche, inapondwa na kukauka kabla hujafunga nailoni. Niliwachongea kisu. Wakarudia miche 60, ikashika 47. Sisemi ni kisu peke yake, safari hii vikonyo vilikaa kwenye gunia bichi kivulini.

Neno moja kwa wenye migomba. Mnyauko bakteria, ule uliowatesa wenzetu wa Kagera, husambazwa na kisu kutoka shina hadi shina. Wengi mmefundishwa kupitisha kisu kwenye moto, na kwa panga ni sawa. Kwa kisu chembamba, moto ule unaondoa ugumu wote, baada ya wiki kinapinda. Tumia jiki, sehemu moja kwa sehemu tano za maji, kisha suuza, futa na upake mafuta ya kula, la sivyo kesho utakikuta na kutu.

Mwaka huu mkono unanisumbua. Asubuhi za baridi za Juni kiganja kinauma, nusu saa ya tupa nimechoka. Binti mmoja wa kikundi kile, ambaye naye ni wa mkono wa kushoto, huwa anakuja Jumamosi, anasukuma tupa mimi naelekeza. Cha kwanza alikichonga wiki tatu, kikatoka kizuri, kinanyoa malaika ya mkono. Tulipokijaribu kwenye kijiti kikapanda juu. Tulikuwa tumekichonga upande usio wake, nami nimekaa palepale naangalia. Tulicheka mpaka mke wangu akatoka nje. Kile tumempa mwenyekiti wao, yeye ni wa kulia. Cha pili kiko kwenye majivu.