Mla Mboga Katika Mji wa Samaki

Neno mboga lina ukwasi unaoweza kumlaza mtu njaa. Katika sehemu nyingi za Tanzania bara, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali: nyama, samaki, maharagwe au majani. Mtu wa Dodoma akisema kwamba leo nyumbani kwake hakuna mboga, ana maana hana kitoweo cha aina yoyote. Kwetu Kenya mboga ni majani tu, na kwa wengi ni majani yanayowekwa pembeni mwa sahani ili kuusindikiza ugali. Ndiyo maana mwenyeji wa Kendu Bay akiambiwa kwamba mgeni wake anataka kula mboga, huuliza kwa heshima kabisa: "Na nini?"

Hilo "na nini" ndilo ninalotaka tulitafakari leo, msomaji mpendwa, kwani limekuwa likinifuata kila mwisho wa mwezi.

Mimi na mke wangu ni walimu. Mimi hula kila kilicho halali, na ngege wa kuchemsha akiwekwa mbele yangu simwachi mpaka ibaki miiba. Mwenzangu hali nyama wala samaki. Maziwa hunywa, lakini kilichochinjwa au kuvuliwa hakipiti kooni mwake. Mshahara unapoingia, tuna desturi ya kwenda pamoja kuonja chakula cha hoteli ambayo hatujapata kuiingia. Mji wetu ni mdogo, umekaa kando ya Ghuba ya Winam katika kaunti ya Homa Bay, na zamani hoteli zake zingehesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Siku hizi wasafiri wapitao kati ya Katito na Homa Bay huhitaji mahali pa kupumzika, na wafanyakazi wa kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka wa 2013, huhitaji mahali pa kula mchana. Basi hoteli mpya hazikosi, na sisi hatukosi pa kwenda.

Katika hoteli moja iliyo karibu na maji tulipokewa na kijana mwenye adabu njema. Mke wangu alimwambia, "Ndugu yangu, mimi sili nyama." Kijana akatabasamu kama aliyepewa habari njema. "Hakuna shida, mama. Samaki wako, wametoka ziwani asubuhi." Alipoelezwa kwamba samaki naye haliwi, alifikiri kidogo, akasema, "Basi nikuletee omena. Hao ni wadogo sana."

Tulicheka sote watatu. Nisingependa mtu amdharau kijana yule, kwa sababu alijibu kwa kufuata lugha. Katika Kiswahili nyama ni nyama na samaki ni samaki, na katika Dholuo vilevile *ring'o* si *rech*. Aliyekataa kimoja hajakataa kingine. Mla mboga anayetaka kueleweka Kendu Bay hana budi kukataa mara mbili, na ikiwezekana mara tatu, ili omena nao wahesabiwe.

Katika hoteli ya pili, iliyo kando ya barabara kuu, sukumawiki ililetwa ikinukia mchuzi wa ng'ombe. Mpishi alipoulizwa alitoka jikoni mwenyewe kujitetea: humo hamna nyama hata kipande, ni supu tu iliyotiwa ili mboga ipate ladha. Katika hoteli ya tatu walituelewa mara moja, wakaleta sahani ya samaki bila samaki: ugali ule ule, kijiko kile kile cha sukumawiki, na bei ile ile.

Mahali ambapo hatukuulizwa "na nini" palikuwa kibandani kwa mama mmoja karibu na soko. Alifunua vyungu vyake kimoja baada ya kingine. Palikuwa na *dek*, ile mboga ambayo wengine huiita mgagani au saget, iliyolazwa katika maziwa siku mbili hadi uchungu wake ukalainika. Palikuwa na *osuga*, ambayo wenzetu huiita managu, na *apoth*, yaani mrenda, uliochanganywa na majani ya kunde. Palikuwa na ndengu, na palikuwa na *nyoyo*, mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja. Swali lake lilikuwa moja tu: "Unapenda yenye uchungu au isiyo na uchungu?" Mke wangu alikula kama mtu aliyerudi kwao.

Yafaa kujiuliza kwa nini jambo linalojulikana kibandani halijulikani katika hoteli yenye vitambaa mezani. Maarifa ya kupika yapo, na majani yanauzwa sokoni kila siku. Naona sababu zake ziko mbali na jiko.

Ya kwanza ni ukarimu wenyewe. Katika boma la Mjaluo, kama katika maboma mengi ya Afrika Mashariki, mgeni huheshimiwa kwa kuku au samaki mzima. Kumpa majani matupu ni kutangaza kwamba nyumba haina kitu, au kwamba mgeni hana thamani. Mhudumu anayeuliza "na nini" anailinda heshima ya mgeni kwa namna alivyofunzwa na mama yake.

Ya pili ni shule zetu. Mwanafunzi wa bweni anayesoma makala haya anajua ratiba ya chakula kuliko ratiba ya masomo: githeri, maharagwe, ugali kwa sukumawiki au kabichi, kisha tena. Nyama huja kwa siku maalumu, na siku hiyo hukumbukwa kuliko sikukuu ya taifa. Kijana aliyekula hivyo miaka minne huondoka na kiapo moyoni kwamba akipata pesa zake mwenyewe hatayaona majani tena. Machoni pake mla mboga ni mtu aliyefunguliwa gerezani kisha akarudi kwa hiari.

Ya tatu ni ziwa. Mbuta aliingizwa katika Ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala. Fulu, wale samaki wadogo waliokuwa chakula cha kila siku, walipungua sana. Minofu ya mbuta ikaanza kusafirishwa hadi Ulaya, na wakazi wa ufukweni wakajikuta wakinunua mifupa iliyobakia viwandani, ambayo wameipa jina la mgongo wazi. Samaki alipopanda bei, majani yalibaki kuwa chakula cha siku ambayo mfuko umetoboka. Kwa hiyo mtu huenda hotelini ili ayakimbie majani, naye mwenye hoteli anamuuzia alichokifuata.

Lakini kikwazo kikubwa zaidi tumekutana nacho kwa jamaa. Msichana akiolewa karibu na ziwa hutarajiwa kuingia katika chungu cha mama mkwe. Kukataa samaki wa nyumba ile huonekana kama kuikataa nyumba yenyewe. Katika arusi na matanga mke wangu amesikia yakinong'onwa kwamba anajivuna, kwamba elimu imempanda kichwani, kwamba anamtesa mumewe kwa njaa. Hayo humuumiza kuliko sukumawiki yenye supu. Nimeona wake wa wenzetu wakimeza wasichokitaka ili amani iwepo. Amani ya namna hiyo ni ghali, na analipa mtu mmoja tu.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba kuacha nyama ni ugeni, jambo la wazungu wa sinema. Wanaosema hivyo Kendu Bay wanasahau mahali walipo. Mwaka wa 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi, waliianzisha misheni ya Waadventista Wasabato hapa Gendia, ya kwanza ya kanisa hilo nchini Kenya. Kanisa hilo huwakataza waumini wake nguruwe na samaki wasio na magamba kama mumi, na tangu karne ya 19 limekuwa likihimiza ulaji usio na nyama. Wapo waumini wanaoyashika mafundisho hayo kikamilifu na wapo wasioyashika, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba hayajasikika hapa kwa zaidi ya miaka 100. Chapati na dengu vilivyojaa katika kila hoteli vilikuja na Wahindi, ambao miongoni mwao walikuwamo watu wasiogusa nyama kwa sababu ya dini yao. Tumekipokea chakula, tukamshangaa mlaji.

Tena tusijifanye kwamba desturi zetu hazikujua mtu anayejizuia. Zamani wanawake wa Kijaluo hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Mwanamke wa wakati ule aliambiwa asile, akatii, na hakuna aliyemwita mwenye majivuno. Mwanamke wa leo akisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hali, anaitwa mkaidi. Hapa ndipo naiona hila. Yaelekea kinachotuudhi si sahani isiyo na samaki, bali ni mwanamke aliyejiamulia.

Kipendacho roho hula nyama mbichi, walisema wahenga, nao hawakusema kwamba kisichopendwa na roho kilazimishwe. Tena yako mambo yasiyohusu roho bali mwili. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ameeleza hadharani kwamba utotoni alikuwa na mzio wa vyakula vitokanavyo na wanyama, akakua kwa mboga za kienyeji. Mtoto huyo alipokuwa msomi aliyafanya majani yale kuwa kazi ya maisha yake: mbegu zake, kilimo chake na lishe yake. Mwaka wa 2010 Umoja wa Afrika ulimtuza kwa sayansi yake. Majani tuliyoyaita magugu na chakula cha maskini yalionekana kuwa na madini na vitamini kuliko kabichi tuliyoletewa. Mwaka wa 2021 UNESCO nayo iliziingiza juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda turathi. Ulimwengu umetupigia makofi kwa chakula ambacho sisi tunaona haya kumwandalia mgeni.

Simwombi mtu aache samaki. Mji huu unaishi kwa ziwa, na ada za wengi wa wanafunzi wetu hulipwa na wavuvi na akina mama wanaongojea mitumbwi alfajiri. Mimi mwenyewe nitaendelea kumla ngege mezani pamoja na mke wangu, naye hajaniambia niache. Ninachoomba ni kidogo. Mpishi awe na chungu kimoja kisichotiwa supu, na akiulizwa aseme kweli. Ndengu na *nyoyo* zihesabiwe kuwa mlo kamili wenye bei yake, si upungufu wa samaki. *Dek* na *osuga* zinunuliwe kwa wanawake wanaozilima jirani, zipewe sahani yao na muda wa kuiva. Mwenye hoteli atasema kwamba wateja wa namna hiyo ni wachache. Na awahesabu upya: Msabato ambaye hana hakika mchuzi umetoka wapi, mgonjwa aliyekatazwa nyama nyekundu na daktari, msafiri ambaye tumbo lake limechoka, na mwalimu ambaye tarehe 20 mfukoni mwake hamna cha kununulia mbuta.

Walimu wenzangu nao wana sehemu yao. Tunapofundisha kilimo na lishe, tusiishie kuandika ubaoni majina ya vitamini. Tuwapeleke wanafunzi sokoni wakaulize *dek* hulazwaje katika maziwa na kwa nini. Tuwape mjadala: je, chakula cha heshima hupimwa kwa bei, kwa ladha, au kwa kuuliza mgeni anapenda nini? Na viongozi wa shule wasiyafanye maharagwe yaonekane adhabu kwa kuyapika kama adhabu.

Kilomita chache kutoka mjini liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wanafunzi wengi wamelizuru kuwatazama heroe. Wenyeji husimulia kwamba mahali pale palikuwa na kijiji, na kwamba usiku mmoja watu wakiwa katika sherehe alifika bikizee mchovu, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia, naye akaonywa aondoke. Mvua ikashuka, kijiji kikazama. Huwa tunaisimulia hadithi hiyo kama onyo dhidi ya uchoyo. Lakini watu wale hawakukosa chakula, na sherehe yao ilikuwa tele. Walichokosa ni mtu wa kumtazama mgeni na kumuuliza anahitaji nini. Mwenye kibanda karibu na soko anajua kuuliza. Hoteli zenye vitambaa mezani zikajifunze kwake, na sisi wakwe, shangazi na mashemeji tukajifunze pamoja nazo.