Krismasi ya mkono mtupu

Desemba ikifika katikati, msomaji, huhitaji kalenda kujua. Pita tu kwenye steji za matatu za Embu na Meru jijini Nairobi ujionee. Nauli imepanda, magodoro na magunia yamefungwa juu ya magari, na kila mwenye kwao Runyenjes, Chuka, Nkubu au Maua anaulizwa na wenzake swali lile lile: unaenda lini?

Wapo wanaojibu kwa sauti kubwa. Wapo pia wanaosema, "Bado naangalia," kisha wakabadilisha mazungumzo. Leo nataka tuzungumze na hao wa pili.

Mchukue baba aliyefutwa kazi Oktoba. Kodi ya nyumba imelala, karo ya Januari inamkodolea macho. Mama yake kule Manyatta, Embu, amekuwa akipiga simu tangu Novemba. Mama hajaitisha kitu, lakini mwanawe anajua kwamba mtu wa mjini hatarajiwi kufika bila sukari, unga wa chapati, mafuta ya kupikia na, ikiwezekana, pesa za mbuzi. Si wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi? Basi anazima simu, anajifungia mtaani, na watoto wanaambiwa wangoje mwaka ujao. Mwaka ujao nao huja na yake. Kule mashambani kuna wazee waliozikwa na watoto waliokuwa bado wanangoja mambo yawe mazuri ndipo waende kuwasalimia.

Ningemwomba baba huyo afungue Injili ya Luka, sura ya pili, aisome kama habari ya msafiri. Tumezoea kumdhania Yusufu kuwa mgeni Bethlehemu. La hasha! Alikuwa anaenda kwao. Kaisari Augusto aliamuru watu waandikishwe, kila mmoja mjini kwao, na Yusufu alikuwa wa ukoo wa Daudi. Kwa lugha yetu, alikuwa anaenda ushago na mchumba wake mja mzito. Alipofika, katika mji huo wa mababu zake, akakosa hata pa kulala. Mtoto akalazwa horini.

Usiishie hapo kama wengi wetu. Baadaye wazazi walimpeleka mtoto hekaluni. Sheria, katika kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 12, ilimtaka mama aliyejifungua atoe mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja. Asiyemudu mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Luka anataja ndege tu. Kwa hiyo, wewe unayejilaumu kwa kukosa mbuzi, jua kwamba nyumba ya Yusufu ilitoa sadaka ya wasiojiweza, hadharani, mbele ya watu.

Sisemi umaskini ni mzuri. Anayesema hivyo hajawahi kuona mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Hata hivyo, watu wa Embu na Meru wamewahi kuona sikukuu ngumu kuliko hizi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa lazima katika maeneo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, ikawaweka katika vijiji vilivyolindwa, vyenye mahandaki na kafyu. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Baadhi ya wafungwa hao walichimbishwa mifereji ya mpunga ya Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa katika wilaya ya Embu. Mchele wa Mwea unaouwazia pilau ya Krismasi unakuzwa kwa maji ya mradi ulioanzishwa na mikono ya watu waliokosa ruhusa ya kwenda nyumbani. Nyumba nyingi Krismasi hizo hazikuwa na baba, seuze mbuzi. Kama kwenu bado yuko nyanya wa miaka themanini na ushei, ana mengi ya kusimulia, na hawezi kuyasimulia simu ikiwa imezimwa.

Juzi juzi tu, Krismasi ya 2020, kafyu ya korona ilianza saa nne usiku, kwa hiyo mkesha wa kufika usiku wa manane haukuwezekana. Kule Maua na Laare mambo yalikuwa mazito zaidi, kwani Somalia ilikuwa imefunga soko lake la miraa tangu Machi mwaka huo, na haikulifungua hadi Julai 2022. Hizo ni Krismasi mbili zilizopita mkulima akiitazama miraa yake bila mnunuzi.

Basi washa simu, umwambie mama ukweli kabla hajauokota kwa jirani. Kama nauli ya tarehe 24 haishikiki, nenda baada ya sikukuu, inaposhuka. Kilo moja ya sukari yatosha, na hata isipopatikana, nenda. Mavuno makuu ya kahawa huko huwa Oktoba hadi Desemba, na si ajabu ukute buni nyekundu bado ziko mitini. Chukua kikapu, waite na watoto, mwingie mstari mmoja na mama yenu. Hapo ndipo mtakapozungumza.