Je, Wajua? “Put off” hakina maana ya kuweka
Katika Kiingereza, “put” ni kuweka, nacho kijineno “off” huonyesha kutoka au kuwa mbali. Vikiungana, hupatikana kitenzi chenye maana mpya.

Maana kuu ya “put off” ni kuahirisha. “They put off the meeting” ni “Waliahirisha mkutano.” Kikifuatwa na kitenzi kingine, hicho cha pili huishia na -ing: “He put off paying the rent,” yaani alichelewesha kulipa kodi ya nyumba.

Maana ya pili ni kumwondolea mtu hamu. “The smell put me off” ni “Harufu ile ilinikinaisha.” Hapo ndipo kilipotoka kivumishi “off-putting”, yaani -enye kukirihisha.

Nomino inaweza kukaa mwishoni au katikati: “put off the trip” na “put the trip off” zote ni sahihi. Kiwakilishi hukaa katikati tu: husemwa “put it off”, si “put off it”. Umbo la “put” halibadiliki katika wakati uliopita.

Kitenzi hiki hakifanani na “call off”, ambacho ni kufuta kabisa. Mechi ikiwa “put off”, itachezwa siku nyingine. Ikiwa “called off”, imefutwa.

Kiswahili hupata maana mpya kwa kunyambua kitenzi chenyewe, kama funga na fungua. Kiingereza mara nyingi huongeza kijineno pembeni.