Dawa Inayobaki Kwenye Uzi

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watafiti wa hospitali ya watoto walioungua huko Cincinnati, Marekani, waliweka bakteria kwenye vitambaa na plastiki za hospitali, wakasubiri. Aina zote zilimaliza siku nzima zikiwa hai. Nyingine zilidumu zaidi ya siku 90. Ndiyo maana viwanda vimekimbilia kutia dawa mashuka, mapazia na sare za wauguzi.

Inayopendwa sana ni madini ya fedha. Ioni zake hushika protini za bakteria na kuvuruga upumuaji wa seli. Lakini ili iue, fedha lazima itoke kwenye uzi, na ikishatoka haichagui pa kwenda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Troy Benn na Paul Westerhoff wa Arizona walifua soksi zenye fedha; baadhi zilibaki karibu bila fedha baada ya kufuliwa mara chache. Fedha iliyotoka ilikwenda na maji machafu. Bakteria nao huzoea. Mwaka 1975 iliripotiwa kwamba katika wodi ya walioungua mjini Boston, ambako vidonda vilitibiwa kwa nitrati ya fedha, ilizuka Salmonella sugu kwa dawa hiyohiyo, na wagonjwa 3 wakafariki.

Kwangu, usalama unaanzia kwenye kuifunga dawa isitoke. Chumvi za amonia ya kwaternari zikiunganishwa na nyuzi kwa silani (kiunganishi chenye silikoni), chaji yake chanya huvuta utando wa bakteria wenye chaji hasi na kuupasua papo hapo. Udhaifu wake ni uchafu: damu, jasho na mizoga ya bakteria huifunika. N-halamini, ambazo Gang Sun wa California amezishughulikia kwa miaka mingi, hushikilia klorini kwenye naitrojeni. Klorini ikiisha, kitambaa hufuliwa kwa jiki, kikapata nguvu upya. Hapo naona tumaini kubwa, kwa sababu jiki haikosekani kwenye chumba cha kufulia cha hospitali.

Hata hivyo, kuifunga dawa hakutoshi. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Duke lililochapishwa mwaka 2017, wauguzi 40 wa wagonjwa mahututi walivaa kwa zamu sare za kawaida, zenye fedha, na zenye silani. Uchafuzi wa bakteria haukutofautiana. Huenda tatizo ni muda: vipimo vya maabara huacha bakteria kwenye kitambaa chenye unyevu kwa saa 18 hadi 24. Mkono wa sare hugusa kitanda kimoja, na sekunde chache baadaye unagusa kingine.